Taa Gani Iwekwe Wapi: Mwongozo wa Fundi wa Stima wa Eastlands

Mwisho wa mwezi watu wakihama nyumba, simu yangu hulia kwa swali moja: "Fundi, ninunue balbu ya wati ngapi?" Nami huuliza: hapo utakapoiweka, nani atakaa na atafanya nini? Atasoma, atakata sukuma wiki, atanyoa watu, au atapita tu akienda kulala? Nisipojua hilo siwezi kukushauri, maana taa nzuri ya jikoni inaweza kuwa taa mbaya ya chumba cha kulala, na taa inayomfaa mwenye kioski inaweza kumharibia kazi fundi wa nguo.

Kazi zangu nyingi ziko Umoja, Kayole, Pipeline na upande wa Ruai. Vifaa nanunua Luthuli na River Road. Haya ndiyo ninayowaeleza wateja wangu kabla hawajatoa pesa mfukoni, na ningependa kila mpangaji wa Nairobi ayajue, kwa sababu naona watu wakinunua giza kwa bei ghali.

Kwanza soma boksi

Wati si mwangaza. Wati ni kiasi cha stima ambacho taa inakula. Mwangaza wenyewe hupimwa kwa lumeni, na mtengenezaji anayejiamini huziandika waziwazi. Balbu ya zamani ya waya, ile ya wati 60, ilitoa lumeni 700 na kidogo. LED ya wati 8 au 9 hutoa mwangaza huo huo. Kwa hivyo ukikuta boksi lina wati kwa herufi kubwa na halina lumeni popote, lirudishe.

Kisha tazama rangi ya mwanga, inayoandikwa kwa kelvini, yaani herufi K. Kati ya 2700K na 3000K ni umanjano mtulivu kama wa balbu ya waya. Wauzaji huiita womu. 4000K ni nyeupe ya kawaida. 6500K ni nyeupe inayoelekea ubuluu, wanaiita deilaiti, na ndiyo utakayopewa usiposema unataka nini.

Cha tatu wengi hawakijui: uwezo wa taa kuonyesha rangi za vitu jinsi zilivyo. Huandikwa Ra au CRI, na kiwango cha juu kabisa ni 100. Nyumbani 80 inatosha. Lakini fundi wa nguo mmoja wa Kariobangi aliniita akiamini macho yake yameanza kuharibika. Alikuwa na LED kali sana juu ya cherehani. Akanionyesha suruali nyeusi aliyorudishiwa na mteja, pindo limeshonwa kwa uzi wa bluu iliyokoza. "Fundi, hapa ndani nyuzi hizi mbili ni kitu kimoja," akasema, akizishika pamoja chini ya taa. Nami pia niliziona kitu kimoja. Tukatoka nazo mlangoni penye jua, na mara moja huyu mweusi, huyu bluu. Macho yake yalikuwa mazima kabisa. Taa ndiyo iliyokuwa ikimdanganya. Tulimtafutia taa ya Ra 90, 4000K, yenye mkono unaokunjika, tukaifunga kushoto kwa cherehani ili mkono wake wa kulia usitupe kivuli penye sindano. Anayeuza vitambaa Eastleigh, anayechanganya rangi za nywele saluni, anayewapamba maharusi: hao wote wasishuke chini ya 90.

Tazama pia volti. Stima yetu ni ya volti 240, lakini mitaa mingine hushuka jioni kila mtu akiwasha vitu vyake. Balbu iliyoandikwa 85–265V huvumilia kushuka huko bila kufifia. Na usisahau kitako: nyumba nyingi za hapa zina holda za pini, yaani B22, lakini taa za mapambo na za mezani mara nyingi ni za skurubu, E27. Ng'oa ile iliyokufa uende nayo dukani.

Kaunta nyingi za Luthuli zina ubao wenye holda mbili tatu za kujaribia. Usiondoke kabla balbu haijawashwa mbele yako. Ikiwaka, fungua kamera ya simu, isogeze karibu na balbu utazame kwenye kioo. Ukiona mistari myeusi inayopanda na kushuka, taa hiyo inapepesa kwa kasi ambayo jicho halioni. Stima yetu ni ya mizunguko 50 kwa sekunde, na taa yenye saketi duni hupepesa mara 100 kwa sekunde hiyo moja. Mtoto akisoma chini yake kwa saa mbili, atalalamika kichwa kinauma. Mwisho, tafuta alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, yenye namba ya kibali. Tuma SM# ikifuatwa na namba hiyo kwenda 20023, usome jina la kampuni na la bidhaa litakalorudi. Lisipolingana na boksi, mwachie muuzaji mali yake.

Aina zenyewe

Balbu ya waya ina uzi wa tangsteni unaopashwa stima hadi unang'aa. Sehemu kubwa ya stima hiyo inakuwa joto, na balbu yenyewe huishi kama saa 1,000. Kwa kuangazia nyumba, siipendekezi tena. Ila joto hilo hilo ni mali kwa wafugaji wa kuku wa Ruai na Kikuyu. Vifaranga wa wiki ya kwanza wanahitaji nyuzijoto 32 hadi 35, halafu unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki. Hapo LED haikusaidii kitu. Nunua taa nyekundu ya joto, ya wati 175 au 250, uifunge kwenye holda ya kauri (ya plastiki itayeyuka) na uining'inize kwa mnyororo, kamwe usiitegemeze kwa waya yake ya stima. Kisha watazame vifaranga: wakijikusanya chini ya taa wanaona baridi, ishushe, wakikimbilia pembeni wamezidiwa, ipandishe.

Haloji ni ndugu ya hiyo, imeongezewa gesi ndani ili uzi udumu zaidi. Utazikuta kwenye dari za jipsamu za zamani. Zikifa, weka LED ya kitako kile kile, lakini angalia kwanza kama ni ya volti 240 au ya volti 12 yenye transfoma iliyofichwa darini.

Enaji seva, zile balbu zilizojipinda, zilitusaidia sana wakati wake. Ndani zina mvuke wa zebaki, sawa na tyubu ndefu za ofisini na madarasani. Tyubu ya futi nne, wati 36, bado inaangazia vizuri darasa lote bila vivuli vikali, lakini inahitaji choki (koili inayodhibiti stima ya tyubu) na stata (kile kiwashio kidogo cha mviringo), na stata ikichoka ndiyo ule mpepeso unaoudhi. Mwaka 2023, chini ya Mkataba wa Minamata unaohusu zebaki, mataifa yalikubaliana kwamba utengenezaji na biashara ya kimataifa ya tyubu hizi vikome kufikia 2027. Kwa hivyo kama unajenga sasa, usifunge fremu mpya za choki.

Kama tayari unazo, si lazima ubomoe. Nunua tyubu ya LED, lakini soma mchoro ulio ubavuni mwake kabla ya kugusa waya. Kuna zinazopokea stima kwenye ncha moja tu, laivu (waya inayoleta stima) na nyutro (inayoirudisha) zote upande mmoja, na kuna zinazopokea laivu ncha hii na nyutro ncha ile. Nyingine huja na stata bandia: unatoa ya zamani, unaweka hiyo, kazi imekwisha. Kwa zile za ncha moja, fundi anaondoa choki kwenye njia na kupeleka stima moja kwa moja. Aweke alama ya kalamu kwenye fremu kuonyesha ncha yenye stima, kwa sababu atakayebadilisha baadaye akiigeuza, inaweza kupiga shoti.

Sasa LED, ambayo ndiyo nitakayokuuzia karibu kila mahali. Ukitoa kifuniko cha balbu iliyokufa utaona sahani yenye vidoti vya manjano. Kidoti chenyewe hutoa mwanga wa bluu. Ule umanjano ni poda iliyopakwa juu, na bluu ikichanganyika na mwanga wa poda unapata weupe. Wanasayansi wazaliwa wa Japani, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014 kwa kuvumbua LED ya bluu, na wanastahili, kwani bila hiyo bluu hatungekuwa na weupe huu wa bei nafuu. Tazama tena hivyo vidoti. Kwenye balbu iliyokufa, mara nyingi kimoja kina alama nyeusi katikati, kama kimechomwa kwa sindano. Vidoti vimeunganishwa kwa mfululizo, hivyo kikifa kimoja vyote vinazima. Wako vijana wanaoruka hicho kidoti kwa tone la risasi ya kulehemu na balbu ikawaka tena. Usifanye hivyo nyumbani: sahani hiyo huweza kuwa na volti zote za ukutani, na vidoti vilivyobaki vitabeba mzigo kupita kiasi.

Kinachoua LED ni joto. Ile saketi iliyo kitakoni huiva kwanza. Balbu nzuri ina uzito kidogo mkononi kwa sababu ya alumini inayotoa joto nje. Nyepesi kama boksi tupu haidumu. Na ukiifungia ndani ya kibuyu cha kioo kisicho na tundu la hewa, unaifupishia maisha, hata iwe nzuri namna gani. Kwa vibuyu hivyo chagua wati ndogo, au iliyoandikwa kwamba inafaa kufungiwa.

Chumba kwa chumba

Chumba kimoja cha futi kumi kwa kumi, kile ambacho wengi wetu tulianzia, kinahitaji lumeni 800 hadi 1,000. LED moja ya wati 9 inatosha, ikiwa kuta ni nyeupe. Zikiwa za bluu iliyokoza au mabati yasiyopakwa rangi, panda hadi wati 12. Lakini holda ikiwa katikati ya chumba na umetundika pazia kutenga kitanda, upande mmoja utabaki giza. Ongeza taa ndogo ya pili badala ya kununua moja kali zaidi.

Pipeline ni hadithi yake yenyewe. Gorofa zimebanana hivi kwamba mpangaji wa chini huwasha taa asubuhi akiamka na kuzima akilala. Piga hesabu pamoja nami: wati 60 kwa saa 14 kila siku ni uniti 25 kwa mwezi. LED ya wati 9, saa zile zile, haifiki uniti 4. Na bei ya chini kabisa ya stima ya nyumbani huishia kwenye matumizi ya uniti 30 kwa mwezi. Balbu moja mbaya inakaribia kumaliza nafasi hiyo yote kabla hujapiga pasi shati moja. Ndiyo maana namwambia mpangaji wa nyumba ya chini aanze na taa yake kabla ya kulalamikia meta. Na kwa kuwa ataishi chini ya taa hiyo mchana kutwa, apate 4000K, siyo 6500K.

Jikoni, shida kubwa ni kivuli chako mwenyewe. Taa iko dari, wewe umesimama kati yake na ubao wa kukatia, unakata vitunguu gizani. Funga taa nyembamba ya LED chini ya kabati la juu, 4000K, au kama hakuna kabati, ukutani mbele yako juu ya kichwa. Huo ndio msaada mkubwa kuliko wote ninaofanya majikoni, na waya yake haizidi mita chache.

Chumba cha kulala, 2700K, basi. Mwanga wa bluu usiku huchelewesha usingizi. Mtoto anayesoma apewe taa yake ya mezani, 4000K. Anayeandika kwa mkono wa kulia awekewe kushoto, na wa kushoto awekewe kulia.

Bafuni, hasa penye shawa ya umeme, taka taa iliyoandikwa IP44 au zaidi. Tarakimu ya pili ndiyo ya maji: 4 inastahimili maji yanayoruka, 5 hustahimili maji yanayotoka kwenye mpira wa kumwagilia. Swichi ikae nje ya mlango. Taa ya kioo ikae pande mbili za kioo, si juu peke yake, la sivyo utanyoa ndevu ukiwa na kivuli chini ya kidevu. Vinyozi, hilo ni lenu pia.

Sebuleni siku hizi kila mtu anataka zile LED za mkanda, sneki laiti, zilizofichwa kwenye jipsamu. Zinapendeza. Lakini ziko za aina mbili. Za volti 12 zinahitaji kibadilishi cha umeme na hukatwa kila baada ya vidoti vitatu. Za volti 220 hukatwa tu penye alama ya mkasi, mara nyingi kila mita moja. Ukikata katikati, kipande hicho hakitawaka. Usiwashe mkanda ukiwa bado umezungushwa kwenye rola yake kwa muda mrefu, utajipika wenyewe. Na usiutegemee kuwa taa ya pekee. Wageni watakaa wakionana kama vivuli.

Nje ya nyumba, watu wanataka mwanga kama wa mulika mwizi, ile minara mirefu ya mitaani. Kwenye geti lako hiyo ni karaha. Fladi ya LED (taa ya kumulika eneo pana) ya wati 20, IP65, ifungwe mita mbili na nusu hadi tatu kutoka chini na iinamishwe itazame ardhi. Ikimtazama mtu usoni, inampofusha macho tu. Yenye sensa ya kuhisi mtu ifungwe mahali ambapo mgeni atapita mbele yake kwa upande. Anayeijia moja kwa moja hugunduliwa akiwa ameshakaribia. Yenye jicho la kuhisi giza isijione yenyewe: mwanga wake ukirudi kwenye jicho kutoka ukutani, itawaka na kuzima usiku kucha. Na barazani weka ya manjano, wadudu huifuata kidogo kuliko nyeupe.

Kwa fladi za sola, usiamini wati zilizoandikwa juu. Uliza lumeni, ukubwa wa paneli na uwezo wa betri. Nairobi iko karibu kabisa na ikweta, kwa hivyo paneli ilale karibu bapa, mwinamo kidogo tu ili mvua ioshe vumbi. La muhimu zaidi ni kivuli cha gorofa ya jirani: simama pale saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, utazame kama jua linafika.

Stima ikipotea

Tangu ile Agosti 2023 nchi ilipolala gizani, balbu za kuchaji zimenunuliwa kama mkate. Nawashauri wateja waweke moja jikoni na moja kwenye ngazi au korido. Swichi yake lazima ibaki imewashwa ili ijue stima imepotea. Inahisi hilo kupitia vifaa vingine vilivyounganishwa kwenye laini, kwa hivyo ukizima meni, yaani swichi kuu ya nyumba, balbu inaweza kuzima nayo. Hapo si kwamba imeharibika. Iwashe kila siku kama taa ya kawaida, kwani isipopata stima betri yake haichaji.

Kubadilisha na kufunga

Kubadilisha balbu ni kazi yako. Zima kwenye meni, si kwenye swichi ya ukutani peke yake, subiri ipoe, panda kitu kisichoyumba. Sababu ya kusisitiza meni ni hii: ukiona LED inameremeta kidogo gizani hata ukiizima, huenda swichi ina kitaa cha kiashirio, ambacho hakina madhara. Lakini huenda pia aliyefunga alikata nyutro badala ya laivu. Hapo holda ina stima muda wote, taa ikiwa imezimwa, na wewe unaingiza vidole. Mwambie keateka alete fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, arekebishe, na usikubali kuambiwa "hiyo ni kawaida."

Ukiongeza taa mpya, laini ya taa ni waya ya milimita mraba 1.5 na breka ya ampia 6 au 10. Usichomoe stima ya fladi kwenye soketi ya friji kwa kusokota nyaya na kufunga selotepu.

Enaji seva au tyubu ikivunjika, fungua madirisha, watoe watoto nje kwa dakika kumi na tano hivi, kisha okota vipande kwa karatasi ngumu na upanguse vumbi kwa tishu yenye maji. Usifagie, ufagio husambaza zebaki. Funga vyote kwenye chupa au mfuko mzito. Zilizokufa bila kuvunjika zikusanye kwenye boksi lake, na likijaa zipeleke kwa wanaopokea taka za kielektroniki. Hapa Nairobi wapo WEEE Centre.